Kwa Perpetua, Ambaye Hakuwa Mpya

Njombe, Jumapili ya kwanza ya Juni

Mke wangu Perpetua,

Huu ni mwaka wa thelathini na tisa tangu tuondoke Musoma, na wa sita tangu nikuzike hapa. Juzi kaka yangu alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Mugango akitaka nirudi nyumbani. Nitakueleza tulivyoongea, lakini kwanza niache nizungumze nawe kama tulivyokuwa tukizungumza kwenye chumba cha walimu, miaka ile ambapo chaki ilikuwa adimu na sukari haikuwepo kabisa.

Wewe ulifundisha Kiingereza, mimi jiografia. Ulipenda kukusanya misemo ya Waingereza kuhusu vitu vipya na vya zamani. Uliniambia kwamba kwao kitu kipya kabisa ni kama kimetolewa motoni sasa hivi, na kitu cha kale kina umri wa vilima, au kilishuka kutoka safina ya Nuhu. Nikakuuliza watoto wetu wataelewaje neno jipya, ikiwa rafu za maduka ya Musoma ni tupu na mwalimu wao amevaa shati lenye kola iliyogeuzwa ndani nje.

"Hiyo Waingereza wanasema ni nzuri kama mpya," ukanijibu. "Vaa tu, mwalimu."

Unakumbuka siku ulipowafundisha darasa la saba kwamba Mwingereza akitaka kusema mtu amezeeka husema meno yake yamerefuka? Nilikuwa chumba cha pili, nikasikia kelele.

"Mwalimu, hapana! Ng'ombe akizeeka meno yanaishaga!"

"Sisi tunawafunguaga midomo, mwalimu! Kila mnada!"

Watoto wa wafugaji hawakuwa tayari kudanganywa juu ya meno. Ulicheka mpaka ukaegemea ubao. Ukawaeleza kwamba Waingereza walikuwa wakiangalia farasi, na farasi akizeeka fizi zake hurudi nyuma. Mmoja akauliza, "Sasa huyo farasi tutampata wapi?" Ukawaambia waandike meno marefu kwenye mtihani, na meno mafupi wayaweke kwa ajili ya mnada. Nadhani ni siku hiyo niliyoamua kukuoa.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, na marobota ya nguo za Ulaya yakaanza kumwagwa sokoni. Watu waliziita kafa Ulaya, wakiamini kwamba mwenye nguo hufa kwanza ndipo inapoletwa kwetu. Ulinunua gauni la bluu, likakukaa kama limeshonwa kwa kipimo chako. Kaka alikuona nalo. Alijua pia kwamba ulikuwa mjane, kwamba mume wako alizama akivuka kutoka kisiwa cha Rukuba, na kwamba ulinizidi miaka mitatu. Aliniambia mbele ya wenzake, "Mdogo wangu, wasichana wote hawa, wewe umejichukulia kafa Ulaya!" Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Tulipokwenda kwa baba hakutukaribisha ndani. Tulikaa uani, kwenye magogo.

"Mke wa kwanza hatoki kwa marehemu," alisema. Hakukutazama. "Ng'ombe wangu sitoi. Kwani huyu ulimfungua mdomo?"

Wewe ulipiga goti, ukamwamkia upya, kisha ukasema taratibu, "Baba, usihangaike na mdomo wangu. Mimi si mpya. Nimeolewa, nimefiwa, nimekula unga wa njano wa msaada kama watu wote. Nimekuja kuomba baraka. Mnadani sikuja."

Baba aliinuka kwenye gogo. "Maneno unayo," akasema, akaingia ndani.

Baraka hatukupata, wala ng'ombe hawakutoka. Kwetu, mwanamke asiyetolewa ng'ombe si mke, ni mgeni aliyekawia kuondoka. Padri alitufungisha ndoa, tukaomba uhamisho kwenda popote penye nafasi ya walimu wawili, wakatuleta kwenye baridi hii. Hukuwahi kuwasema vibaya. Magesa wetu alipozaliwa, wewe ndiye uliyempa jina la baba yangu.

Sasa binti wa Magesa anauza nguo kwa simu. Ameniambia kwamba siku hizi Waingereza hawapendi kusema nguo imevaliwa. Wanasema ilikwisha kupendwa. Nilitamani uwepo uuandike ubaoni. Nimekaa na msemo huo siku kadhaa. Yule mtu wa Rukuba alikupenda vizuri, Perpetua, kwa maana ulikuja kwangu ukiwa unajua kupenda, na mimi nilijifunza kwako. Sikuwahi kumshukuru.

Kaka ameshazeeka, sauti yake inakatika. "Mdogo wangu, tumebaki wawili," alisema. "Nyumba yako tumeshaiezeka. Rudi upumzike karibu na baba."

"Na Perpetua?"



"Nimeongea na ukoo," akasema. "Tutapeleka ng'ombe kwa ndugu zake, Bunda. Yale niliyokuwaga nasema, yalikuwa ya ujinga. Yule ni mke wako. Ni shemeji yangu."

Nililia, na sikumficha. Nikamwambia wawapeleke mchana, kwa barabara kubwa, watu wakiona. Wamekwenda jana. Ndugu zako wamewapokea. Kwa hiyo, mke wangu, umeolewa Mugango, na nilitaka nikwambie mwenyewe.

Kaka akaniuliza nitafika lini. Ni swali la upendo, na ziwa nalikumbuka, pamoja na harufu ya dagaa wakianikwa juu ya mawe. Lakini nyumba aliyoniezekea ni ya mtu mmoja. Nimeshazungumza na padri wa hapa kuhusu nafasi iliyo kando yako, naye amekubali. Lala salama, mama. Mugango sitarudi.

Mumeo,
Baba Magesa