Vitambaa vya Sagal

Minneapolis, 11 Januari

Mama,

Asalaam alaikum. Natumai magoti yamepoa na kisukari kimetulia. Mimi mzima. Nakuandikia kupitia simu ya Khadra, binti wa mama mdogo hapo Hargeisa, kwa kuwa yako baba huipekua. Tangu alipotangaza kwamba hana mtoto aitwaye Ilwaad sijakusumbua, na leo nisingekusumbua kama ningekuwa na mwingine wa kumwuliza.

Rafiki yangu Sagal amefariki kwa pumu. Alikuwa kama mimi: alizaliwa akaitwa mvulana, akaishi akiwa mwanamke. Yuko kwenye friji ya hospitali. Nimepiga simu misikiti minne. Mitatu ilinikatia. Kwenye wa nne kijana mmoja akasema, "Dada… kaka… hata sijui nikuiteje, subiri nimwulize sheikh." Nasubiri mpaka sasa. Hao hao, kodi za nyumba zilipopanda, mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti kwenye maandamano, thelujini, wao wamejipanga nyuma yangu. Sura yangu iko ubavuni mwa mabasi ya mji huu, natangaza mitandio wanayonunua wake zao.

Sasa tutamwosha wenyewe, mimi na rafiki zake. Wewe umeosha wanawake wa Hargeisa tangu sijazaliwa. Nifundishe. Na sanda je: vitambaa vitatu vya mwanamume, au vitano vya mwanamke?

Mwanao,
Ilwaad

Hargeisa, 12 Januari

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Magoti ni yale yale. Mungu amrehemu huyo binti.

Maji yawe vuguvugu. Tieni unga wa majani ya mkunazi, ule mnaopaka usoni. Mfunikeni toka kitovuni hadi magotini kwa nguo nzito, na mkono upite chini yake. Alichokifunika Mungu msikifunue. Mwoshaji hatazami, na akiona hasemi, si leo si kesho. Hilo ndilo la kwanza. Maji ni la pili. Anzeni upande wa kulia. Mara tatu, asipotakata, tano. Kafuri itiwe kwenye maji ya mwisho. Nywele msukeni mikia mitatu, ilale nyuma.

Vitambaa ni vitano.

Ujumbe huu ufute.

Mama yako

Minneapolis, 3 Machi

Mama,

Asalaam alaikum. Dawa unakunywa? Khadra anasema unaziruka.

Tulifanya kama ulivyosema. Hatukutazama. Ardhi ilikuwa imeganda, kaburi likachimbwa kwa mashine.

Jumamosi kulikuwa na onyesho la mavazi la kuwachangia wenzetu wasio na makao. Nilipomaliza kupita jukwaani wakanipa kipaza sauti. Nikawaambia: misikiti minne ilishindwa, mama yangu, Dahabo, mwosha maiti wa Hargeisa, akasema vitano. Ukumbi mzima ulisimama.

Najua uliniambia nifute. Sikufuta. Nyumba, jina, kazi, vyote nimejipatia mwenyewe. Mama siwezi kujipatia. Nilitaka mara moja tu watu wajue ninaye.

Video imesambaa sana. Niandikie neno.

Mwanao,
Ilwaad

Minneapolis, 20 Machi

Mama,

Salaam. Uko salama? Khadra hapokei. Nitumie hata neno moja, nijue unapumua.

Ilwaad

Hargeisa, 9 Aprili

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Napumua.

Sikukasirikia ulivyo; hilo nilishalilia likaisha. Nimekasirikia ulichosema. Video ilifika hapa kabla ya chai ya jioni. Wiki ile mke wa Warsame, jirani, akafariki. Nilikuwa nimeshatoa ndoo zangu. Wanawake wakapita mlangoni kwangu kwenda kumwita mwingine, na mmoja nikamsikia anacheka: "Dahabo mwacheni, atatuuliza kwanza marehemu ni bi au bwana."

Tangu hapo siitwi. Kazi ile haikuwa na ujira, lakini ndiyo iliyofanya nisalimiwe sokoni. Baba yako sasa anakula peke yake chumbani. Wewe ukisema, ukumbi mzima unasimama kukupongeza. Mimi nikisema neno moja, kwa siri, kwa mwanangu, nimebaki na ndoo.

Khadra amekatazwa kunipa simu. Huu ndio ujumbe wa mwisho, kanisaidia kwa kujificha; usijibu, utamponza.

Kisukari kimepanda. Nimekaa nikawaza nitakuja kuoshwa na nani. Wote niliowafundisha wamenipa mgongo. Aliyebaki anayeijua kazi hii kama niijuavyo mimi ni wewe, na wewe hapa huwezi kukanyaga.

Mama yako