Sindano za Makuli wa Korosho

Jumanne, 8 Oktoba 2024
Dastani, kiongozi wa makuli wa ghala la korosho, kaja kwenye duka langu la dawa za mifugo na boksi la vichupa. Anataka nimtunzie kwenye friji ya chanjo za ng'ombe. Homoni ya maabara, anasema, imetoka Dar — inajenga misuli. Halafu akataka nimchome mimi mwenyewe. Mkono wako umezoea, dada Suzana! Nimezoea ndama, siyo watu. Nikamchoma.

Jumatatu, 21 Oktoba
Wanaochomwa wamefika saba. Asubuhi, kabla ghala halijafunguliwa, wanapanga foleni mlangoni, mashati yamekunjwa. Wananiita daktari. Nisijidanganye — napenda.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimepita ghalani. Zamani mbebaji hakujitwika gunia, alitwishwa na watu wawili. Kazi hiyo walipewa waliochoka mwili, nao wasikose mgawo wa malipo. Leo Dastani kanyanyua gunia peke yake, kaliweka begani, kaondoka mbio! Watu wakapiga miluzi. Watwishaji wanne walikaa tu ukutani. Mmoja wao Mzee Shaibu. Nikageuza uso.

Jumamosi, 9 Novemba
Mzee Shaibu! Tulipofika hapa Kiegei na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga, wenyeji wengi walitaka turudi tulikotoka. Yeye ndiye aliyetupa pa kujenga. Mama anamwita kaka mpaka leo. Naona aibu, usingizi hauji vizuri.

Alhamisi, 14 Novemba
Watwishaji wameondolewa wote. Nimemwambia Dastani sichomi tena, achukue vichupa vyake. Kacheka. Eti Ruangwa wapo watu wa kuwachoma, na huko asiyechomwa haandikwi kazini siku hizi. Maji yakishamwagika hayazoleki. Ndoo niliimwaga mimi.

Jumapili, 17 Novemba
Mzee Shaibu kaja nyumbani. Kichupa kakifunga kwenye leso.
"Nichome, mwanangu, nirudi kazini."
Nikamkumbusha presha yake. Mwezi wa tano alianguka shambani, tukambeba kwa bodaboda mpaka hospitali. Nikamwambia moyo wake hautaweza.
Hakupandisha sauti. "Wenzangu wote umewachoma. Mimi nimekukosea nini?"
Nikaingia ndani.
Yuko uani, kwenye kigoda, shati kalikunja mpaka begani. Mkono umebaki mfupa. Nimemwambia avumilie kidogo, nachemsha maji ya kusafishia.
Ameshauliza mara mbili kama yamechemka. Sijawasha hata moto.