Selo Iliyoita Watu wa Msiba

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi, u mzima wewe na wa nyumbani kwako? Sisi huku Chemchem, Tabora, tunamshukuru Mungu. Naomba msaada, maana padri wetu aliporudi kwao aliniachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sahani moja ya selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huketi akiishika kati ya magoti, nami nikiipiga baada ya rozari huwa kama nasikia mtu anasali bila maneno, na tangu tumzike binti yetu Veneranda mwaka juzi ndiyo iliyonituliza, lakini Alhamisi majirani walisikia wakadhani tunaomboleza, wakaja wamefunga kanga viunoni, Marcelina na unga kichwani, "Poleni jamani, nani katutoka?" na mume wangu Alois akatokea na tonge mkononi, "Anayelia ni kisanduku cha mke wangu!" wakacheka, "Basi kigawieni ugali kinyamaze!" ila yeye hakucheka, na sasa sahani ikianza tu anatoka nje, tena ameapa mwisho wa mwezi gramafoni inakwenda kwenye hoteli ya Mabruki. Huyu hata mazishini hakutoa chozi. Bwana Ghalibu mwenye duka anakwenda Dar es Salaam, amekubali kuninunulia sahani nyingine. Nichague ipi Alois ataivumilia? Yangu inakwaruza, ingawa sindano nainoa kila wiki kwenye jiwe.

Tafadhali nijibu upesi.

Pelagia

Bi Pelagia,

Pole sana. Lakini nani alikufundisha kunoa sindano ya gramafoni? Unaichana sahani kwa mkono wako! Sindano ya chuma hupiga upande mmoja wa sahani, kisha unaitupa. Bwana Ghalibu akuletee boksi zima, na akatae zile sahani mpya zinazozunguka polepole, mashine yako haiziwezi.

Aulizie sahani za mpiga selo Casals. Akipiga muziki wa Bach peke yake, bila piano, mimi sijasikia wa kumfikia, ila sahani zake hizo ni nyingi, huuzwa kwa pamoja na bei yake ni kubwa. Anza na vipande vifupi vyenye piano. Kisha marehemu Feuermann, vidole vyepesi mno. Huyo mpigie Marcelina mchana, madirisha wazi, na unga wake umrudishie umeshapikwa. Ulipaswa kuwaambia majirani mapema.

Sasa Alois. Hakuna sahani atakayoivumilia, usimsumbue Bwana Ghalibu kuitafuta. Wale wanawake walikuja na unga kwenye msiba wa kweli, wamechelewa miaka miwili tu. Siku akitoka nje tena, nyanyua sindano, mfuate, keti naye, umtaje Veneranda kwa jina. Akilia, usimnyamazishe. Selo itawangoja ndani.