Ndugu wa Moto Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Wazee wa Kherwa wamekataa! Mimi niliyejenga ukuta wa hekalu lao kwa jasho la kinu changu cha unga, wameniketisha chini, pembeni, na kuniambia binti yangu Kesar hawezi kuolewa na Bhopal. Eti ukoo wa Mandhora, wa marehemu mume wangu, na ukoo wa Kherwa, wa kijana, ni ndugu. Mababu wawili wa kwanza, wanasema, walizaliwa pamoja kutoka kwenye moto wa sadaka wa kuhani mmoja.

"Utamwozaje mtoto kwa kaka yake, Mama Kesar?" Mzee Jethmal huyo, mkuu wa Kherwa. Jumapili wanatoa neno la mwisho.

Kesar hataki kula. Na mimi nataka kujua — moto gani huo?

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mangilal, anayeimba nasaba za koo zote mbili harusini. Nikamwimbisha, nikihesabu kwa vidole. Sisi vizazi arobaini na kimoja tangu motoni. Wao ishirini na viwili!

"Mzee, ndugu gani hawa, mmoja kampita mwenzake vizazi kumi na tisa?"

Akapuliza chai yake. "Babu yao alilala pangoni, mwanangu. Miaka mia nne."

"Nani alimwamsha?"

"Njaa."

Nimecheka hadi machozi. Lakini Jethmal pango hilo atalimeza zimazima. Hesabu peke yake haitoshi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepeleka unga kwenye madhabahu ya Kherwa — kisingizio tu. Mawe mawili: la babu yao na la babu yetu, "ndugu". Wanawake wakalimwagia lao maziwa, kimya, kwa heshima. Kisha wakaligeukia letu — matusi! Kwa wimbo! Kwamba babu yetu ana tumbo la chura, kwamba mama yake alitoroka na mwuza ngamia.

Nikamuuliza Dhapu, mke wa Jethmal: mnamtukana ndugu yenu hivyo?

"Ndiyo desturi, dada. Mama mkwe alitufundisha, naye kafundishwa na mkwewe."

Lakini nyimbo zile nazijua! Huimbiwa watu wa upande wa pili wakiwa wanakula harusini. Hakuna anayemwimbia ndugu. Ni za wakwe. Wakwe!

Basi nani alimwoa nani?

Jumapili, 10 Machi

Naandikia gotini, hapa barazani kwa wazee, nyuma, kwa wanawake. Nimesimama, nimesema yote.

Jethmal: "Nyimbo za wanawake si historia."

"Na usingizi wa pangoni?"

Masharubu kadhaa yakatikisika kwa kicheko. Akakasirika, akaagiza mama yake aletwe, Bibi Rajol, mkongwe kuliko wote, aje anikanushe. Amebebwa juu ya kitanda chake cha kamba. Kwanza akadai mtindi. Tukangoja anywe.

Jethmal, kwa upole: "Mama, lile jiwe la pili ni la nani?"

"La yule mwenye tumbo? Nisogezeni niwaimbie, sauti yangu imekwisha."

Anakohoa. Wanaume wanatazama chini. Dhapu ameanza kupiga makofi, polepole, kwa mdundo wa zile nyimbo za wakwe —