Vigae Kumi na Kimoja vya Mnara wa El Salvador

Mtaa wa nyuma ya San Martín,
Teruel.
Alhamisi, 21 Novemba.

Mpendwa Bibi Emerenciana,

Shikamoo Bibi. Natumaini baridi ya Lyon haijakushika magoti kama ya huku ilivyomshika Babu. Sisi ni wazima. Kikohozi cha Bibi Pascuala kimepungua, Mama bado anauza nyama zake za kukausha, nami naendelea na shule. Mwaka huu tunasoma historia ya sanaa, na hilo ndilo somo pekee ambalo sioni haya kunyoosha mkono.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye maungamo. Kwa wiki tatu niliamini kwamba Babu Saturnino, mdogo wako, ni mwizi.

Tangu Septemba wanatengeneza mnara wa kanisa la El Salvador. Babu alikuwa amestaafu, lakini msimamizi, Bwana Crescencio, alikuja mwenyewe kumwomba arudi, kwa sababu mafundi vijana wanajua saruji tu. Hakuna anayejua kukoroga jasi. Kazi yake ni kupachika vigae vya mapambo ukutani. Upande wa kaskazini palikuwa na mapengo kumi na moja, mahali vigae vya kijani vya duara vilipotoka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfinyanzi mmoja ametengeneza nakala kumi na moja za kuyaziba. Mimi nimeruhusiwa kupanda jukwaa la mafundi kila Jumatano nichore kwa ajili ya kazi ya shule, kwa hiyo mapengo yale nayajua moja moja.

Jioni moja nilimwona Babu akitoka kazini. Alipita uwanja wa Torico bila kusimama, yeye ambaye pale kwenye chemchemi yenye sanamu ya fahali hubishana habari za mpira mpaka supu inapoa. Nyumbani alifungua kopo lake la chakula, na chini ya kipande cha mkate nikaona kitu cha kijani kinang'aa. Akapanda nacho darini. Nikasikia kifuniko cha sanduku kikifungwa. Sanduku ni lako, lile la msonobari uliloliacha ulipohamia Ufaransa, ambalo tumekatazwa kuligusa tangu Mama akiwa mtoto.

Siku mbili baadaye, tena. Nilimuuliza Bibi Pascuala mumewe anafanya nini huko juu. Akasema, "Anaongea na panya. Wewe soma." Basi nikaanza kumshuku na yeye.

Niseme kweli, nilikuwa naogopa zaidi ya kuona aibu. Njia ya shule inapita chini ya upinde wa mnara ule, na kila asubuhi nilipita nimeinamisha kichwa, kana kwamba matofali yananitazama.

Jumatatu hii Bwana Crescencio aliwatangazia mafundi kwamba vigae vinavyofanana na vya Teruel vimeonekana kwa muuza vitu vya kale huko Valencia. Kuanzia Alhamisi, mifuko yote ingepekuliwa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Babu alitusimulia mezani huku akicheka, lakini hakumaliza chakula chake, na usiku ule hakugusa hata divai.

Jumanne wote walipotoka, nilipanda darini na kufungua sanduku lako. Nisamehe. Ndani ya foronya iliyotariziwa herufi E palikuwa na vigae kumi na kimoja. Nilijiambia, basi, ameiba vyote.

Kisha nikavigeuza. Mwalimu alitufundisha kwamba nakala hupigwa muhuri wa mfinyanzi kwa nyuma, ili watu wa baadaye wasidanganyike. Saba vilikuwa na muhuri, na bado vilinuka tanuri. Vinne havikuwa nao. Migongo yake ilikuwa na jasi ya kale, nyeupe na ngumu kama mfupa, na ubavuni vilikuwa vyeusi kwa moshi.

Nilikaa sakafuni muda mrefu kabla sijaelewa. Babu hakuwa akivitoa vigae mnarani. Alikuwa akipanda na cha kale ndani ya kopo, anakirudisha mahali pake, halafu anashuka na nakala iliyobaki mkononi. Saba vya kale vilikuwa vimekwisha kurudi. Lakini mtu akikamatwa na kigae cha kale mfukoni asubuhi, nani ataamini kwamba anakirudisha?

Hapo nikaacha kumshuku Babu, Bibi, nikaanza kukushuku wewe.

Usikasirike, nakueleza tu nilivyowaza. Vigae vilikuwa katika foronya yako. Katika kila barua unauliza mnara ukoje kabla hujauliza habari za Mama. Hujawahi kurudi kututembelea, hata kwa mazishi ya mama yako. Najua nyumba nyingi hapa zilijengwa upya kwa vifusi vya kanisa, na hakuna anayeona ajabu kukuta jiwe la nakshi ukutani kwenye zizi la kuku. Ningesema uliviokota kwenye theluji, ukiwa msichana, mizinga iliponyamaza. Lakini kimojawapo kina alama za patasi pembeni. Kigae kilichoanguka chenyewe hakina alama za patasi.

Jana, Jumatano, nilivipanga vyote kumi na kimoja katika mfuko wangu wa kuchorea, vikitenganishwa na soksi. Bwana Crescencio alikuwa chini ya ngazi.

"Karibu, profesa," akasema. "Leo mfuko umenenepa. Umemchora hadi fahali wa Torico?"

Nikamwambia nimebeba vitabu. Akacheka, akasema nikisoma hivyo nitapata kibiongo kabla ya mume, akanipisha.

Juu, Babu alikuwa peke yake na karai lake. Niliufungua mfuko mbele yake. Alitazama vigae, akanitazama mimi.

"Umevigeuza?"

"Nimevigeuza, Babu."

"Basi unajua."

"Sijui Bibi Emerenciana alivitoa wapi."

Alikoroga jasi bila kuinua uso. "Muulize mwenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alikuja navyo usiku, mikono inamtoka damu, akaniambia nikisema tutafungwa sote. Tangu siku hiyo naogopa kumuuliza."

Tulivirudisha vinne vile kabla ya jua kuzama. Chenye alama za patasi nilikishikilia mimi mpaka jasi ikashika. Nakala saba nikazificha kwenye nyasi za kasha la mbao zilimoletwa, pamoja na nne zilizobaki humo.

Leo asubuhi nikienda shule nikakuta mafundi wote wamesimama chini ya upinde. Mifuko ilikuwa imepekuliwa bila kupatikana kitu. Bwana Crescencio alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha.

"Nimehesabu mara tatu, mzee," alikuwa akimwambia Babu. "Nakala kumi na moja zipo. Mapengo hakuna hata moja. Umenizibia mnara kwa kitu gani, kwa sala?"

"Kwa jasi," Babu akajibu.

Wenzake walicheka. Bwana Crescencio hakucheka. Alisema vigae vya kale haviji kwa miguu, na kwamba Babu hatakanyaga jukwaa tena mpaka aseme vilikotoka, ama sivyo ataita polisi. Babu alivua kofia yake ya kazi na kuanza kukunja aproni. Nikajua hatalitaja jina lako hata wakimfunga.

Kwa hiyo nilisema mimi. Sijui sauti niliitoa wapi. Nilimwambia Bwana Crescencio kwamba vigae vilikuwa katika sanduku nyumbani kwetu tangu vita, na kwamba nakala nimezirudisha mimi. Akauliza sanduku ni la nani. Nikamjibu kwamba ni la mtu wa familia aliye mbali, na kwamba nitamwandikia leo hii. Alinitazama, akamtazama Babu, akasema atangoja barua. Mpaka ifike, Babu akae nyumbani. Kisha nikaenda shule, nikachelewa somo la kwanza.

Bibi, kama uliviokota, niambie. Kama ulivibandua kwa patasi, niambie vilevile, na kwa nini. Vyenyewe vimekwisha kurudi, hakuna awezaye kukudai. Lakini Babu anangoja, na sidhani ni kwa ajili ya kazi tu.

Mama na Bibi Pascuala wanakusalimu, hawajui ninachokuandikia. Nisalimie mjomba Fermín na binamu zangu. Mungu akulinde, na Mtakatifu Emerenciana, somo wako, akupe usingizi mwema.

Nimeandika tangu nilipotoka shule. Babu amelala kitini, au anajifanya. Nimevaa koti, naipeleka barua posta.

Ni mimi mjukuu wako, nikupendaye na kukuuliza,
Visitación