Hatumwachi Scola

Shanwe,
S.L.P. 61,
Mpanda, Rukwa.
14 Septemba 1997.

Mpendwa kaka Lyamba,

Mwangaluka kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Australia, na wifi Theopista amepona ule mgongo. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, na mama bado anagombana na mbuzi wa jirani. Mwanangu Yohani ameota meno ya mbele ya ukubwani, sasa anang'ata kila kitu.

Barua yako ya mwezi wa nane tuliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu hasira inanipanda, naiweka chini. Nitaijibu. Lakini kwanza nikueleze tulivyopimwa afya Dar kwa ajili ya viza ya kazi ya mume wangu Nashon, maana simu tuliyokupigia pale posta ilikatika kabla hujasikia yote, na ni wewe uliyetuambia ni jambo dogo.

Kaka, halikuwa dogo. Tulipofika kwa huyo daktari, kila mmoja alipewa kikopo, hata Yohani. Choo chenyewe hakina maji, mlango haufungi, na inzi wamejaa kama ni kwao. Nashon alishindwa kabisa, akaambiwa akanywe chai ya rangi mtaani ndipo arudi. Fundi mitambo anayetegemewa na nusu ya magari ya Mpanda, anazunguka Dar na kikopo mfukoni akitafuta chai!

Daktari alikuwa anakula karanga. Alitufunua midomo akatazama meno, akatubonyeza mbavu, akatugeuza huku na huku, kisha akarudi kwenye karanga zake bila kunawa. Wewe umekulia minadani, unajua ng'ombe anavyokaguliwa. Hata mnunuzi wa ng'ombe humpapasa mgongo kwanza. Pazia nalo lilikuwa fupi. Yaliyompata Nashon nyuma ya pazia siyaandiki, wewe ni kaka yangu na yeye ni shemeji yako, heshima iwepo.

Hata hivyo vifua vilionekana safi, damu safi, na ile minyoo niliyomhofia Yohani haikuonekana. Nikaanza kumshukuru Mungu.

Ndipo akaitwa Scola. Unajua masikio yake yalikufa kwa ile homa ya uti wa mgongo, wakati ndiyo kwanza anajifunza kuniita mama. Sasa ana miaka kumi na miwili. Daktari akachezesha funguo nyuma ya kichwa chake. Akapiga makofi. Akagonga kijiko kwenye bakuli la karanga. Scola anamtazama tu Yohani na kucheka naye. Mwisho daktari akamvuta sikio, naye Scola akamchapa mkono. Sikufichi, nilifurahi.

"Mama, huyu ndiye atakayewaangusha," akasema huku anatafuna. "Kule wanapiga hesabu. Mtoto wa hivi ni gharama, shule yake, vifaa vyake. Akianguka mmoja mmeanguka wote."

Nikamwambia, "Daktari, huyu anafua, anapika, na sasa hivi anausoma huo mdomo wako."

"Hayo hayaulizwi, mama," akasema.

Na Scola akamtabasamia, maana humtabasamia kila anayechezesha midomo mbele yake. Hapo nililia.

Ujue kaka, mimi kuja huko nilitaka kwa ajili yake kuliko mtu mwingine yeyote. Ni wewe uliyetuandikia kwamba kuna shule watoto wanafundishwa kwa ishara za mikono. Hapa anashinda nyumbani, na shule ya viziwi iko mbali, kila mwaka tunaambiwa tungoje nafasi. Kumbe kile kinachotupeleka ndicho kinachotufungia mlango.

Kwenye treni ya kurudi alimwigiza daktari. Akajaza mashavu, akatafuna, akachezesha funguo za hewani nyuma ya kichwa cha mama mmoja wa Kaliua. Behewa zima lilicheka, hata Nashon, ambaye tangu Morogoro alikuwa amegeukia dirishani.

Sasa nije kwenye barua yako. Unasema tumwondoe Scola kwenye maombi, tuape kuwa ni mtoto wa ndugu, abaki na baba na mama, halafu mambo yakikaa sawa tutamfuata. Unasema nafasi ya Nashon haitarudi, na umempigania sana kwa mwajiri wako. Najua, na kwa hilo nakushukuru. Usidhani siitaki. Nilishachagua mpaka rangi ya mapazia.

Lakini nilipofika kwenye maneno yale niliiweka barua chini, nikaenda kunawa mikono. Umenichukiza, kaka, nalisema wazi. Yule daktari ni mgeni, uchafu wa mgeni unaoshwa ukaisha. Wewe umenyonya ziwa nililonyonya mimi.

Nilimsomea Nashon. Akaniuliza, "Scola akiamka akute hatupo, nani atamweleza tumekwenda wapi? Nyie wawili tu ndio mnaojua mikono yake, wewe na Yohani." Nikaikunja barua yako. Akarudi karakana kuchomelea geti la watu. Juzi ameandika barua ya kuyafuta maombi, nami nimeipeleka posta mwenyewe.

Nilimsomea na baba. Aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwulize kama ameisahau Koga."

Nadhani umeisahau, kwa hiyo nakukumbusha kama mama anavyosimulia. Baba alipohama Maswa na ng'ombe, mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, nawe ulikuwa unaswaga ndama na fimbo yako. Porini karibu na mto Koga ukashikwa na surua, macho yakafunga, hata kukaa huwezi. Pori lile lilijaa mbung'o, na kila siku ya kusimama ilikuwa siku ya kupoteza ng'ombe. Baba wadogo wakasema mtoto aachwe kwa Wakonongo kijiji cha jirani, ng'ombe wavushwe, mambo yakikaa sawa atafuatwa. Maneno yako yaleyale, kaka. Baba akasimamisha kundi zima mpaka ukafumbua macho. Nusu ya ng'ombe walikufa, ndiyo maana tuliingia Mpanda maskini. Mama anasema hajawahi kumsikia akiwataja ng'ombe wale.

Msalimie wifi na watoto. Baba, mama, Nashon na Yohani wanakusalimu. Baba hana kinyongo na amesema nikuandikie kuwa anakubariki. Hasira ni yangu peke yangu, nayo itapoa.

Scola naye anakusalimu. Anapandisha miwani asiyokuwa nayo, hilo ndilo jina lako kwake tangu ulipotuma ile picha. Kila siku alikuwa ananiuliza lini tunakwenda kwa Miwani. Nimemwonyesha kwamba Miwani ndiye atakayekuja. Usinifanye mwongo. Mungu akulinde huko, akulainishe na moyo.

Ukija mchana usisimame mlangoni ukipiga hodi, anayekuwa nyumbani ni Scola. Ingia ndani, usimame mahali akuone.

Ni mimi dada yako, nakupenda pamoja na hasira zangu,

Suzana Mwandu