Ukurasa wa Cucu Usifutwe

Chaka, Nyeri,
14 Juni 2025

Mpendwa Tata Tabby, shangazi yangu,

Goti lako limepona? Na huko Kanada, jua limetoka? Huku baridi ya Juni imeshika na mlima haujaonekana wiki nzima. Sisi ni wazima. Ng'ombe amezaa.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwa simu nitalia. Baba ataipiga barua picha akutumie.

Tata, ukurasa wa Cucu unataka kufutwa. Ule niliouandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, vile ulivyonifundisha Desemba, juu ya mama yako na darasa lake la kuwafundisha wachuma kahawa wa Kianyaga kusoma. Wahariri wanaamua Jumamosi ijayo.

Niliuharibu mwenyewe. Mhariri mmoja, Moffat wa Wang'uru, aliniuliza nina uhusiano gani na huyo Ngendo. Nikamjibu kama tunavyosema nyumbani: "Mimi ndiye yeye." Si nimepewa jina lake? Si hata wewe huniita mama? Kwenye wasifu wangu niliandika kwamba niko shule, basi akaandika: "Kumbe nyanya anajisifu mwenyewe! Ati na bado yuko shule?" Wenzake wakacheka. Nilipoeleza desturi yetu aliomba msamaha, lakini sasa anataka ushahidi uliochapishwa, si maneno ya familia. Siwezi kumlaumu.

Ushahidi upo. Mtafiti fulani aliandika juu ya lile darasa zamani, katika jarida la elimu. Nimeona kichwa na mistari michache, halafu pakafungwa. Wahariri wa kujitolea hufunguliwa majarida hayo bure, lakini mpaka uwe umehariri mara mia tano na kukaa miezi sita. Mimi sijakaribia, maana kompyuta za shule tunapewa Jumamosi tu. Moffat naye hajafikisha. Waliofikisha nimewaandikia, kimya. Mwalimu Kinyua amejaribu chuo alichosomea, wapi.

Wewe umehariri miaka mingi. Kwako pako wazi.

Nilitaka kuomba nywila yako, nikakumbuka hairuhusiwi. Ingia mwenyewe, usome, kisha uwaandikie jina la jarida na kurasa. Sema wazi kwamba wewe ni bintiye.

Kila Jumapili tukitoka kanisani Cucu huniambia, "Nisomee pale nilipo." Juzi alimwambia Alpa wa duka la nyuzi, "Mimi niko ndani ya kompyuta. Wewe uko wapi?" Alpa akacheka mpaka akakaa chini. Sasa Jumapili ya tarehe ishirini na mbili nitamsomea nini? Nimeshindwa kula, Tata. Nimeshindwa hata kusoma.

Nisalimie Anko Mwai na Shiku. Mungu awafunike huko mliko.

Tangu nizaliwe unaniita mama, na mama hutuma mtoto. Mimi sijawahi kukutuma hata maji. Leo nakutuma. Enda haraka, mwanangu.

Akupendaye sana,
Ngendo